Maisha ya Adrian Atiman, Tabibu wa Karema

Ndugu msomaji, katika vijitabu vyetu vya ukumbusho umezoea kusoma maisha ya masheikh na walimu waliotutangulia, waliotuachia ilimu na dua zao. Safari hii twakuletea maisha ya mtu asiyekuwa wa dini yetu. Twajua wako wazee watakaouliza sababu yake, na kuuliza ni haki yao. Sababu ya kwanza ni ujirani. Maji yanayopiga mchanga wa Rumonge ndiyo yanayopiga mchanga wa Karema, na mtu akifuata ufuko huu kwenda kusini, akaipita Nyanza-Lac, akaipita Kigoma na Ujiji, akaizunguka milima ya Mahale, atafika mahali hapo alipokaa mtu huyo. Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Bwana huyo aliwatibu watu mahali pamoja kwa muda wa karibu miaka 67, hata mauti yakamkuta hapohapo. Jambo hilo sisi hulisifu mimbarini, lakini waliolitenda ni akali sana.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika mji wa Tindirma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Kabila lake lilikuwa Wasonghai. Mji huo hauko mbali na Timbuktu, na jina la Timbuktu si geni kwa mtu aliyekaa chuoni, kwani ni mji wa misikiti ya kale na vitabu, waliokoishi wanavyuoni wakubwa miaka mingi kabla ya Mzungu yeyote kulijua ziwa letu. Basi mtoto huyo alizaliwa karibu na taa, lakini hakubahatika kukaa katika mwanga wake. Alipokuwa bado mdogo, hajatimiza miaka 10, aliibwa na Watuareg waliokuwa wakiwinda watu, akauzwa Timbuktu, kisha akapitishwa jangwa la Sahara pamoja na msafara hata kusini ya Aljeria. Jangwa hilo si safari ya mtoto. Watu wazima wengi hawakufika ng'ambo ya pili.

Hapa kalamu haina budi kusema kweli. Walioiba mtoto yule walijiita Waislamu, na waliomnunua kwanza walijiita hivyo hivyo. Lakini sheria yetu haikumruhusu mtu kumwiba aliyezaliwa huru na kumfanya bidhaa, tena imeweka kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara, na katika mafungu manane ya zaka limo fungu la kuwakomboa waliofungwa. Wala hatuhitaji kwenda Sahara kuyatafuta mambo haya. Ujiji ulikuwa soko, na wazee wetu walilijua vizuri jina la Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan Al-Barwani, ambaye vikosi vyake viliushambulia ufuko huu wa Burundi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kiswahili chetu na sala zetu zilifika hapa kwa njia zilezile za misafara, na pengine kwa mitumbwi ileile, iliyochukua watu waliofungwa kamba. Mwenye kuipokea neema ya safari ile asione haya kuitaja na aibu yake.

Mwaka 1876, huko Metlili katika Aljeria, mtoto Atiman alinunuliwa kwa faranga 300 na wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadri Weupe, wakamwacha huru. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Lavigerie alikuwa na shauri moja ambalo lapasa kufahamika, kwa sababu lote lililomfikia Atiman latokana nalo. Aliona kwamba Wazungu aliowatuma bara walikuwa wakifa kwa homa, na kwamba mgeni apokewe vizuri yafaa awe na dawa mkononi. Basi akaazimu kuwachukua vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, awasomeshe utabibu, kisha awarudishe ndani ya Afrika wawe matabibu na walimu wa dini yake. Vijana hao walipelekwa Malta, kisiwa cha bahari ya kati, wakakaa katika chuo walichofunguliwa huko mwaka 1881 na kufundishwa ilimu ya tiba. Atiman alikuwa mmojawapo. Alibatizwa mwaka 1882, akapewa jina la Adrian, akasoma hata mwaka 1888.

Mwaka huohuo wa 1881, chuo cha Malta kilipokuwa kikifunguliwa, shirika lile lilipata msiba hapa petu. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Rumonge mwaka 1879 na kujenga kituo chao, nacho kilikuwa cha kwanza katika Burundi. Mei 4, 1881, watatu katika wao waliuawa, mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop, katika ugomvi uliozuka baina yao na watu wa Bikari juu ya mtoto aliyekuwa kituoni, wenyewe wakimtaka arudi. Kituo kikaachwa. Hatulisemi hili ili kuamua baina ya wafu. Twalisema kwa sababu lilianzia kwa mtoto mmoja na swali la nani mwenye haki naye, na huko kaskazini wakati huo alikuwapo mtoto mwingine, aliyekombolewa kama yule, akifunzwa kushika kisu cha tabibu, ambaye angekuja kuziba pengo katika ziwa lilelile.

Atiman aliondoka Ulaya mwaka 1888, akiwa kijana wa miaka 22 hivi. Alipita Zanzibar, kisha akaingia bara na msafara. Mwaka ule pwani yote ilikuwa imewaka moto wa vita vya Abushiri na Wajerumani, na njia hazikuwa salama. Mwaka 1889 alifika Karema. Hapo palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji wa shirika la Mfalme Leopold mwaka 1879, nao walikuwa wamewakabidhi wamisionari mwaka 1885. Nje ya boma kulikuwa na wavuvi, wakulima, watu waliokimbia vita, na wengi waliokuwa watumwa jana. Katika watu hao hapakuwa hata mmoja aliyejua lugha aliyoizungumza mamake Atiman. Alikuwa Mwafrika miongoni mwa Waafrika, lakini mgeni kama mgeni yeyote.

Akajifunza maneno yao, akaoa kwao. Mkewe alikuwa Agnes Wansahira, binti wa jumbe wa Wabende, watu wa nchi ile. Ndoa hiyo ilimtia katika udugu na watu aliowatibu, hata mgonjwa aliyeletwa mlangoni usiku aweza kuwa shemeji au mkwe. Mtoto wao Joseph baadaye alisoma akawa padri.

Sasa tuseme juu ya kazi yake, maana ndiyo maisha yake. Msomaji wa leo akisikia neno hospitali hufikiri jengo, umeme, kitanda cha chuma na duka la dawa jirani. Tabibu wa bara mwaka 1889 hakuwa na haya. Alikuwa na kwinini kwa homa, chanjo ya ndui ilipopatikana ikiwa bado hai baada ya safari ndefu, visu vichache, sindano na uzi, na maji ya kuchemsha. Dawa za kuua vijidudu zilizo mikononi mwa kila mwuguzi siku hizi hazikuwako. Penisilini haikuanza kutumika kwa watu ila katika miaka ya 1940, Atiman akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Magonjwa yenyewe twayajua: malaria, buba, donda ndugu lililokula mguu hata mfupa, tumbo la kuhara damu, meno, macho, kuumwa na nyoka, na akina mama waliolemewa na uchungu wa kuzaa. Mtu mwenye donda ndugu haponi kwa ziara moja. Huoshwa na kufungwa leo, na kesho, na kesho kutwa, pengine miezi, na kila mara harufu ni ileile. Kazi hii haina sifa yoyote, wala hapana mtu asimamaye kuitazama.

Alizitazama pia dawa za miti walizotumia wenyeji, wala hakuona kwamba kusoma Malta kumemfunga asijifunze kwa mganga wa kijiji. Jambo hili twalisifu. Wako waliosoma miaka michache tu, wakirudi hawawezi kumsikiliza bibi yao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 uliingia katika ufuko wa ziwa ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o. Sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa ulivyokuwa. Bonde la Imbo lilipoteza watu wengi, na Wajerumani wakawahamisha watu mbali na maji, wakakata vichaka, wakawachoma wagonjwa sindano za dawa iitwayo atoksili, ambayo iliwasaidia baadhi na wengine ikawapofusha. Zama hizo watu walimkimbia daktari kama walivyomkimbia askari, kwa kuwa aghalabu daktari alikuja pamoja na askari. Katika zama hizo tabibu aliyeoa kijijini, anayejulikana kwa jina na nyumba yake, alikuwa na kitu ambacho serikali haikuwa nacho katika makambi yake yote: watu walimwendea kwa miguu yao wenyewe.

Kisha ikaja vita ya 1914. Ziwa letu likawa uwanja wa vita vya meli, njia za pwani zikafungwa, dawa zikawa adimu katika nchi nzima ya Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji wakateka ufuko wote, nasi huku tukawa chini yao. Karema baadaye ikaangukia kwa Waingereza. Atiman alikuwa amefika katika siku za kwanza za Wajerumani, akawaona wakiondoka, akawaona Wabelgiji wakipita, akawaona Waingereza wakikaa. Bendera ilibadilika juu ya boma, na asubuhi yake wagonjwa walikaa chini ya ukuta uleule wakimngoja yeyeyule.

Yafaa hapa tutulie juu ya nia, kwani ndilo jambo lililotufanya tumwandike. Tangu chuoni twafundishwa kwamba kila amali hupimwa kwa nia ya mwenye kuitenda. Nia ya waliomsomesha Atiman haikufichwa: walitaka dawa ifungue mlango ili dini yao iingie, naye mwenyewe alikuwa mwalimu wa dini hiyo, aliyeisadiki kwa moyo wake wote. Mwislamu aliyeiona hatari katika tiba ya namna hiyo hakuota ndoto. Wako katika wazee wetu waliochelea kumpeleka mtoto katika hospitali ya misheni kwa sababu hiyo, nasi hatuwalaumu. Lakini nia ya shirika ni moja na moyo wa mtu ni mwingine, na yaliyomo moyoni hayajui ila Mola. Sisi twatazama ya dhahiri.

Na ya dhahiri ni haya. Kijana mwenye ilimu ya Malta, ajuaye Kifaransa na kutibu, mwaka 1889 angeweza kupata riziki nono Zanzibar au katika mji wowote wa pwani. Wenzake waliosoma naye hawakudumu wote katika kazi. Wengine waliiacha, wengine walikufa mapema. Yeye alikaa. Mshahara wa misheni haukuwa wa kumtajirisha mtu, na Karema haikuwa mahali pa kuonekana na wakubwa. Mwenye kutafuta jina huenda penye watu wa kumtaja. Mwenye kutafuta mali huenda penye mali. Atakaye kulipiza kisasi kwa yaliyompata utotoni angekuwa na sababu nyingi za kuuchukia ulimwengu. Atiman aliyekuwa ameuzwa kama mbuzi, alitumia miaka 67 kuufunga vidonda mwili wa mwanadamu, ambao waliomuuza walikuwa wameutia bei.

Tusidhani kwamba njia hii ni ngeni kwetu. Katika zama za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwako Madina mwanamke wa kabila la Aslam, Rufaida binti Saad, ambaye alipigiwa hema msikitini akawatibu majeruhi. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, alipelekwa katika hema hiyo. Waandishi wa sira wamemsifu Rufaida kwa jambo moja hasa, kwamba alijitolea nafsi yake kuwahudumia Waislamu wasiokuwa na mtu wa kuwatazama, akitaraji malipo kwa Mungu peke yake. Hawakutaja kwamba alikuwa hodari wa kushona jeraha, ingawa bila shaka alikuwa. Walitaja wale aliowachagua, yaani wasio na mtu.

Mwandishi wa maneno haya aliwahi kukesha na ndugu yake mgonjwa katika hospitali moja, ambayo hapana haja ya kuitaja. Mwuguzi mmoja hakugeuza uso mpaka kitu kilipowekwa mkononi mwake. Usiku huohuo mwuguzi mwingine, binti mdogo, alikuja mara tatu kubadili kitambaa cha jeraha la mzee wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa na jamaa hata mmoja, wala hakuwa na fahamu ya kumshukuru. Wote wawili walivaa nguo moja na kupokea mshahara mmoja. Siku hizi vijana wetu wa Rumonge na Nyanza-Lac, wana wa wavuvi wa ndagala na wakulima wa michikichi, wanasomea uuguzi na ukunga na utabibu, alhamdulillahi, na wazazi wanauza mawese ili walipe karo. Ni haki yao kutumaini mshahara, kwani mwenye kufanya kazi hula. Lakini kabla kijana hajavaa nguo nyeupe, mzazi wake angemkalisha akamuuliza ni yupi katika wale wawili anayetaka kuwa, pengine tungekuwa tumefanya ukumbusho wa maana kuliko kijitabu hiki.

Turudi kwa Atiman. Katika uzee wake sifa zilimfuata zenyewe hata Karema. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozisimulia mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na wasomaji wa mbali wakajua kwanza kwamba yuko mtu wa namna hiyo. Akapewa nishani na kanisa lake, na nishani na Waingereza. Hizo hatuzihesabu, maana zilikuja wakati nywele zimekwisha kuwa nyeupe na kazi imekwisha kufanyika. Mtu hawezi kusema kwamba alizifanyia kazi zile.

Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri upatao miaka 90, miaka 80 tangu siku alipolipiwa faranga 300 huko Metlili. Watoto aliowazalisha katika miaka yake ya kwanza walikuwa wazee wenye wajukuu.

Dar es Salaam, karibu na bandari, iko nyumba ya kale inayopita karibu zote za mji ule kwa umri. Ilijengwa katika miaka ya 1860 na Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, kwa ajili ya watu wa nyumba yake, wakati mtoto Atiman alipokuwa akizaliwa Tindirma na wakati soko la watumwa la Unguja lilipokuwa bado wazi. Mwaka 1922 Mapadri Weupe waliinunua. Baadaye wakaipa jina, nayo ikaitwa Nyumba ya Atiman.